Muziki wa Dakika Moja

Watu wakisikia kwamba kwetu ni Ikola, kando ya Ziwa Tanganyika, huniuliza habari za dagaa na migebuka. Hakuna hata mmoja aliyepata kuniuliza habari za piano. Wala siwalaumu, kwa maana piano yenyewe sijaiona huko. Tulicho nacho ni kinanda cha kwaya chenye vitufe 61, kinachopata nguvu kwa betri ya sola. Mpigaji wake ni mjomba wangu, ambaye kazi yake ni uvuvi.

Mwaka 2024 uvuvi katika ziwa ulifungwa tangu tarehe 15 Mei hata tarehe 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaana. Basi nilipofika nyumbani kwa likizo ya Juni, nilikuta mitumbwi imepandishwa mchangani, na mjomba hana kazi ya usiku. Asubuhi na jioni alikuwa kwenye kinanda. Nami, ambaye alianza kunifundisha nikiwa darasa la tano, nikaketi kando yake.

Ndipo nilipojua kwamba ana wenzake. Mmoja yuko Mpanda, mmoja Kigoma, na wa tatu alikuwa mzee wa Sumbawanga, mwalimu mstaafu. Wote ni wapiga vinanda wa kwaya, na hakuna aliyesomea muziki chuoni. Hupelekeana kwa simu picha za karatasi za nota za muziki wa Ulaya wa karne ya 19. Kisha kila mmoja hujaribu, hujirekodi, na kuwapelekea wengine pamoja na makosa yake yote.

Mzee ndiye aliyewaanzisha. Kwanza aliwapa vipande vyepesi kutoka katika kitabu ambacho Robert Schumann wa Ujerumani aliwatungia vijana mwaka 1848. Mwezi ule aliwaletea Frédéric Chopin, Mpolandi: preludi ya saba kati ya zile 24 zilizochapishwa mwaka 1839. Ina vipimo 16 tu, kila kimoja mapigo matatu, na huchukua yapata dakika moja. Mjomba akaniambia, "Hii utaipiga wewe, mjomba. Mzee anataka kumsikia kijana."

Mwanzo wake ni mtulivu, kama mtumbwi uliofungwa gatini siku isiyo na upepo. Lakini katika kipimo cha 12 nota nyingi hupigwa kwa pamoja, na mkono wa kulia hutakiwa kutanuka sana. Vidole vyangu havikufika. Kila siku nilijikwaa pale pale.

"Mpelekee hivyo hivyo," akasema mjomba.

"Haraka haraka haina baraka," nikamjibu. "Nitampelekea ikiwa safi."

Hapo akanieleza jambo alilolisikia kwa mzee. Chopin alizikamilisha preludi zile katika kisiwa cha Majorca, wakati wa baridi ya mwaka 1838 na 1839, naye ni mgonjwa. Piano yake iliyotoka Paris ilizuiliwa forodhani, akawa anatumia piano duni ya pale kisiwani. "Ikiwa yeye alivumilia kinanda kibovu," akasema mjomba, "wewe waona haya ya nini?"

Nilicheka, lakini sikupeleka. Likizo ikaisha, nikarudi shuleni, ambako hatuna kinanda wala simu. Nikawa nafanya mazoezi ya vidole juu ya dawati.

Mwezi wa Desemba nilifika nyumbani jioni. Kabla sijatua sanduku langu mjomba akaniambia kwamba mzee alifariki dunia mwezi wa Oktoba. Alikuwa ameuliza mara mbili, "Yule kijana wako bado?"

Sikuwa na la kusema. Miezi yote ile nilidhani kwamba namheshimu mzee kwa kumficha makosa yangu. Kumbe nilikuwa najiheshimu mwenyewe.

Usiku ule tuliketi wawili kwenye kinanda. Nilipofika kipimo cha 12, mjomba alinyoosha mkono akabonyeza ile nota nisiyoifikia. Alichelewa kidogo, na jambo hilo lasikika wazi. Tukawapelekea wa Mpanda na wa Kigoma bila kurudia.

Yule wa Kigoma alijibu asubuhi. Alisema kwamba hata yeye mkono wake haufiki pale, naye huiacha nota moja, kwa sababu mzee alimwambia kwamba aweza kuiacha na muziki usiharibike. Basi jibu la taabu yangu lilikuwa Sumbawanga muda wote ule, nami ningalilipata kwa mzee mwenyewe kama ningalimpelekea kosa langu mwezi wa Juni.

Wenzangu, methali ile niliyomjibu mjomba ni ya kweli, lakini wazee hawakutuachia hiyo peke yake. Walisema pia kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Aliye na shairi, au mchoro, au hesabu iliyomshinda, ambayo ameificha chini ya godoro hata iwe safi, na aipeleke leo kwa mwalimu wake, maadamu mwalimu yupo.

Mwanafunzi wa Kidato cha IV