Nyama za Kuchoma na Siha Zetu

Ndugu wasomaji mlioko pwani, ambako jua halina uhaba, huenda mkastaajabu mkisikia kwamba sisi tukaao Uingereza hulingojea jua kama mkulima aingojeavyo mvua. Miezi ya Juni, Julai na Agosti ndiyo miezi yetu ya joto. Na ikitokea Jumapili yenye jua, kila nyumba yenye ua huwasha makaa. Watu wa Unguja, wa Mombasa, wa Lamu na wa Barawa hukutana, mishkaki ikachomwa, kuku wakapakwa ukwaju, wazee wakazungumza na watoto wakacheza. Dasturi hii ni njema, kwani huunganisha jamaa katika nchi ambayo mtu aweza kukaa mwaka mzima asilijue jina la jirani yake.

Lakini kwa mtu aliyeamriwa na daktari apunguze mwili, Jumapili hizo ni mtihani, na mtihani huo umetufika sisi wenyewe. Tulipopimwa damu tuliambiwa kwamba sukari yetu imekaribia mpaka wa maradhi. Na marehemu mama yetu aliondoka duniani kwa maradhi hayo hayo. Basi hatukuweza kulifanyia mzaha jambo hili. Tukasoma, tukakuta kwamba utafiti mkubwa wa Marekani uliotangazwa mwaka 2002 ulionyesha ya kuwa watu waliokuwa katika hali kama yetu, wakaazimia kupunguza asilimia 7 ya uzito wao na kufanya mazoezi, mathalan kutembea kwa haraka, dakika 150 kila wiki, hatari yao ya kuugua ilipungua kwa asilimia 58. Kwa mtu wa kilo 90, hizo ni kilo 6 na kidogo tu. Tukaona kwamba hilo laweza kutendeka bila ya kuwakimbia jamaa zetu.

Watu wengi hudhani kwamba nyama ndiyo adui. Sivyo. Kuku aliyeondolewa ngozi, samaki, au mishkaki isiyo na shahamu, humshibisha mtu upesi. Balaa limo katika vile viifuatavyo nyama. Kwanza ni vinywaji. Kopo moja la soda ya kola ya kawaida, la mililita 330, lina sukari gramu 35 hivi, yaani karibu vijiko 9 vya chai. Na washauri wa siha wa Uingereza walisema tangu mwaka 2015 kwamba mtu mzima asizidishe gramu 30 kwa siku nzima. Wala sharubati haimo katika salama, ijapokuwa yatokana na matunda. Pili ni mafuta. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina kalori kama 120, na cha mayonezi hakipungui sana. Na ni nani apimaye kijiko anapojipakulia saladi ya viazi?

Tatu ni urefu wa mchana. Mwishoni mwa Juni, Magharibi ya London huingia baada ya saa tatu na robo usiku. Makaa yaliyowashwa baada ya Adhuhuri huendelea kuwaka saa nane, na mkono huenda sahanini bila ya njaa, kwa mazungumzo tu.

Basi sisi twafanya hivi. Hatwendi na njaa, kwa kuwa mwenye njaa hachagui. Twajipakulia sahani moja, nusu yake kachumbari na mboga, robo nyama, na robo mkate au mahindi. Kisha twaketi mbali na seredani. Kinywaji chetu ni maji yenye ndimu na nanaa. Ikifika Alasiri twanawa, twasali, na baada ya hapo haturudi sahanini. Twatembea na watoto bustanini.

Lililo gumu zaidi ni ukarimu wa wenyeji. Mtu hukataa kwa adabu, akaambiwa, "Umekula nini wewe? Au chakula chetu hukukipenda?" Enyi akina mama na akina dada, twaijua mikono yenu na jasho lenu, na hatukidharau chakula chenu. Lakini mgeni akisema ametosheka, msadikini. Huenda ana neno la daktari moyoni asilotaka kulitangaza mbele ya watu. Wekeni mtungi wa maji baridi karibu kuliko makopo ya soda, na wapeni vijana mfano huo tangu sasa.

Mwenyezi Mungu ametuhalalishia vilivyo vizuri, na katika Sura ya Al-Aaraf, aya ya 31, akatukataza israfu katika kula na kunywa. Mwili ni amana, na wana wetu wanatuhitaji. Twamwomba atujaalie siha njema, na atukutanishe kwenye makaa hayo mwaka ujao tukiwa wazima. Amin.