Kilo 23

Mama ameurudisha tena mchele kwenye begi langu. Ni mara ya tatu wiki hii. Asubuhi nautoa, jioni naukuta umelala chini ya madera, kilo 5 za mchele wa Ifakara ndani ya mifuko miwili ili usimwagikie nguo.

"Mama, India ndiyo inayouza mchele nje kuliko nchi yoyote duniani."

"Wana wao," anasema, anakunja kitenge. "Huu ni wetu."

"Na mimi wiki mbili nzima nitakuwa nakunywa tu. Sitatafuna kitu."

"Mama yako mdogo atatafuna."

Mama mdogo ndiye msindikizaji wangu. Ana viza ya msindikizaji wa mgonjwa, mimi nina ya mgonjwa. Kesho alfajiri tunapanda basi kutoka Ifakara hadi Morogoro, tunachukua treni ya SGR mpaka Dar es Salaam, na usiku wake ndege ya kwenda Mumbai. Tiketi inaruhusu begi moja la kilo 23. Nimeazima mizani ya kuning'iniza kwa jirani anayeuza samaki. Nikiwa na mchele begi lina kilo 26. Bila mchele lina 21. Kwa hiyo hesabu ni rahisi, ila mama hataki kuisikia.

Nina miaka 27. Nimezaliwa hapa Mlabani, na ninasoma shahada ya umahiri ya lishe katika chuo kimoja mjini Morogoro. Ndiyo, lishe. Utani wote unaoweza kuufikiria nimeshausikia, mwingine kutoka kwa watu walioketi dawati moja nami. Najua kiasi cha wanga kilicho katika kikombe cha wali. Najua kukokotoa uwiano wa uzito na urefu bila kikokotoo. Wa kwangu ni 46.7. Darasani, kuanzia 30 tunaita unene uliokithiri, na kuanzia 40 tunauita daraja la tatu. Daraja la nne halipo.

Namba hiyo niliipata kwa shida. Mwaka jana nilikwenda kupima kwenye kituo kimoja cha afya, mizani yao ikagoma. Ilikuwa inaishia kilo 120. Muuguzi alinishusha, akanipandisha tena, kisha akamwita mwenzake aje aone. Sikumlaumu sana, maana hata mimi ningependa kuona. Jioni yake kaka alinipeleka kwa bodaboda kwenye mashine ya kukoboa mpunga, wakati wateja wameshaondoka. Nikapanda kwenye mizani ya magunia. Kijana wa mashine akasogeza vyuma, akasoma: 124. Kisha, kwa mazoea ya kazi tu, akauliza, "Nitoe kilo moja ya gunia?"

Tulicheka sote watatu. Nililia baadaye, nyumbani, bafuni, maji yakiwa yamefunguliwa.

Hapa kwetu mwili ni salamu. Nikirudi likizo, kina mama wa jirani wananishika mikono: "Umenawiri! Chuo kinakupenda." Bondeni Kilombero, kwenye mpunga na samaki, mtoto aliyekonda alikuwa aibu ya mama yake. Watu hao hao nikiwapa kisogo wanasema nipunguze kula, nitapata wapi mume. Nilizoea kusikia maneno yote mawili kutoka mdomo mmoja. Na wala siko peke yangu. Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa 2015/16 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene uliokithiri. Nimeuandika mstari huo katika kazi za darasani zaidi ya mara moja, kwa nafsi ya tatu, kana kwamba unawahusu watu wengine.

Lakini sijaamua kukatwa kwa sababu ya maneno ya watu. Baba alikuwa dereva wa malori ya miwa Kidatu. Kisukari kilimla kidole, kikafuata mguu, kikamaliza na figo. Alikufa akiwa na miaka 51. Mwaka juzi kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu kilinionyesha nami nimefika kwenye mlango ule ule. Halafu mwenzangu wa chumba hosteli akaniamsha usiku mmoja, anatetemeka. Alisema nilikuwa nakoroma, kisha nikanyamaza, akahesabu mpaka 18 ndipo nikavuta pumzi. Alidhani nimekufa.

Dayati nimefanya. Niliwahi kupunguza kilo 18 kwa miezi tisa, zikarudi 22. Daktari wa Dar es Salaam ndiye aliyekuwa wa kwanza kunieleza jambo hilo bila kunikaripia. Alisema mwili uliopungua unajihami: unatumia nishati kidogo zaidi, na njaa inaongezeka. Upasuaji alioniandikia unaondoa karibu asilimia 80 ya mfuko wa chakula. Kinachobaki ni mrija mwembamba. Alichora kwenye karatasi, akasema, "Kama ndizi." Sehemu inayoondolewa ndiyo inayotoa kwa wingi homoni ya njaa iitwayo grelini, kwa hiyo haipungui nafasi ya chakula peke yake, na njaa yenyewe hutulia. Ikishakatwa hairudi. Vitamini nitameza maisha yangu yote. Mimba nisubiri mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Na naweza kunenepa tena nisipofuata masharti. Aliyasema yote hayo kwa sauti ile ile, nikamwamini.

Aliniambia pia kwamba Mloganzila wanaweka puto tumboni bila kukata, linakaa miezi kadhaa kisha linatolewa, na kwamba mabingwa wa upasuaji tunao hapa hapa nchini. Kwa nini basi India? Wachache wanaojua safari hii nimewajibu kwamba kule wamefanya nyingi zaidi. Jibu la kweli ni kwamba katika kila hospitali ya Dar es Salaam kuna binamu ya mtu wa Ifakara. Nilitaka nilale kwenye kitanda ambacho hakuna atakayepita akasema, "Kumbe ni wewe, mtoto wa marehemu fulani!" Nilitaka kukatwa mahali ambapo sina ukoo.

Usiri huo una bei, na bei yake ni shamba.

Kaka alichukua mkopo kwenye SACCOS ya kazini kwao. Mimi nilitoa akiba yote niliyoweka nilipofanya kazi kabla ya kurudi chuo. Bado pengo likabaki, na mama akauza ekari 3 za mpunga kule Idete. Lilikuwa shamba la babu. Bibi ndiye aliyemgawia mama baada ya babu kufariki. Mama alimwambia bibi kwamba amelikodisha kwa misimu miwili, na kwamba mimi nakwenda India kwa masomo. Aliniomba nisimtoe uongo. Nilikubali haraka kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Kwa siku 13 sasa nimekuwa nakunywa tu: maziwa yasiyo na mafuta, supu iliyochujwa, unga wa protini uliokorogwa na maji. Daktari anasema ni kwa ajili ya ini. Kwa watu kama sisi ini linakuwa kubwa lenye mafuta, nalo hukaa juu ya mfuko wa chakula. Likisinyaa, mpasuaji anapata njia. Nimeyafanya haya mwezi wa Juni, mpunga mpya ukiwa umeingia na mtaa mzima unanukia wali. Siku ya nne nilisimama nje ya jiko la jirani kama mtoto anayesubiri kuitwa.

Orodha ya kufunga begi nimeiandika mwenyewe, na kila kilichoingia kina sababu yake. Madera manne, kwa sababu baada ya upasuaji hakuna nguo inayotakiwa kubana tumbo, na anayebuni nguo za wagonjwa angeanza na dera. Soksi ndefu za kubana miguu, damu isigande kwenye ndege na kitandani. Mto mdogo wa kukumbatia nikikohoa. Ndala zisizoteleza. Adapta, maana plagi zao nyingi si kama zetu. Karatasi za vipimo, nakala mbili, moja kwenye mkoba wa mkononi. Kadi ya njano ya chanjo. Kikombe cha plastiki kilichokuja na chupa ya dawa ya kikohozi, kwa sababu siku za mwanzo maji nitayanywa kwa vipimo vya namna hiyo, funda moja, nisubiri, funda jingine. Jinzi moja ninayoipenda niliipakia, nikaitoa. Sikujua niibebe ya mwili upi.

Jana mchana bibi akafika kutoka Idete bila taarifa, ana kikapu cha kitoga wa kukausha.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Mbona uso umepungua? Masomo hata hujaanza."

Mama alimweka chumbani kwangu. Usiku, taa ikiwa inawaka, bibi akakaa kitandani ananitazama nikipanga vitu. Akachukua soksi za kubana, akazivuta. Akaugeuza ule mto. Akainua kikombe cha dawa.

"Huko chuoni mnasoma nini kwa vyombo hivi?"

Ningeweza kusema chochote. Bibi hajui kusoma, ningemdanganya kwa neno moja la Kiingereza. Nikakaa chini sakafuni, nikamwambia. Kwamba nakwenda kukatwa tumbo ili nile kidogo. Kwamba nina sukari kama baba. Kwamba usiku pumzi inakatika.

Alinyamaza kwa muda. Kisha akaniuliza wapi watakata. Nikamwonyesha: matundu madogo matano, hapa na hapa. Akaweka kiganja chake pale pale, juu ya gauni.

"Mwaka wa 1974," akasema, "tulikula unga wa njano, ule tulioita Yanga. Mama yako alikuwa mgongoni. Nilikuwa nalala na njaa ili yeye apate. Sikuwahi kufikiri mtu atalipa aende kutafuta kushiba upesi."

Sikujua kama ananilaumu. Nadhani naye hakujua.

"Pesa mmepata wapi?"

Hilo ndilo nililoliogopa. Nikasema, "Shamba halijakodishwa, bibi. Limeuzwa."

Hakupiga kelele. Alishuka kitandani, akajifunga kanga vizuri, akatoka nje. Nilimsikia akikaa kwenye benchi la ukutani. Nilimngoja hadi usingizi ukanichukua, na kama pumzi ilikatika, basi safari hii hapakuwa na wa kuhesabu.

Leo asubuhi nimeamka nimekuta begi langu limefungwa. Nimelifungua kwa hofu. Mchele haumo. Bibi ameutoa, ameumimina kwenye ndoo ya mama na kufunika. Mahali pake ameweka kanga yake, ile iliyofuliwa hadi maandishi hayasomeki.

Alikuwa mlangoni, amesimama.

"Mchele utakukuta," amesema. "Wakishakukata, mwambie mama yako mdogo akufunge tumbo kwa hiyo. Asikaze. Mimi nilifungwa hivyo kwa watoto saba."

Nimemwambia hospitali watanipa mkanda wao. Ameniambia nibebe.

Kisha nimemwomba msamaha kwa ajili ya shamba. Amesema hilo si langu, ataongea na mwanawe. Mpaka sasa, jioni hii, hawajaongea. Mama anajua kwamba nimesema, nimemwona kwenye macho. Amepika wali wa mchele ule, wamekula kwenye sinia moja, kila mmoja akila upande wake, kimya, nami nimekaa pembeni na kikombe changu cha supu. Bibi alimaliza kwanza. Alisukuma kipande cha kitoga kilichobaki kikavuka katikati ya sinia hadi upande wa mama. Mama alikiangalia muda mrefu kabla ya kukila.

Nimepima begi kwa mara ya mwisho. Kilo 21 na nusu. Jirani amekuja kuchukua mizani yake, akaniuliza nasafiri kwenda wapi na begi kubwa namna hii.

Nikamwambia, "India. Nakwenda kufanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito."

Akasema, "Haya, Mungu akutangulie. Hivi ni bei gani?" Nikamsogezea stuli, akaketi.