Chupa Mbili Tupu

Mama yangu aliponitembelea Kihonda, Morogoro, mwanzoni mwa 2024, alikaa siku nne bila kuniuliza kitu. Siku ya tano tulikuwa tunakunywa chai ya asubuhi, mimi nimevaa shati zuri juu na bukta chini, maana nilikuwa na kikao cha mtandaoni saa tatu. Akaniangalia, akaiangalia kompyuta, kisha akasema kwa upole wa mtu anayeogopa kuumiza: "Mwanangu, kule shuleni walikufukuza?"

Nilicheka, lakini sikumlaumu. Kwa miaka saba alikuwa amezoea kuwaambia watu kwamba mwanaye ni mwalimu Singida. Mwalimu anamfahamu: anaamka alfajiri, anavaa viatu, anarudi na chaki kwenye mikono ya shati. Mimi siku hizi natoka kitandani, natembea hatua kumi na moja, nimefika kazini.

Nikamweleza. Naandaa masomo. Naandika mwalimu afundishe nini, aanze na lipi, atumie dakika ngapi, achukue zana zipi, na atajuaje kama watoto wameelewa. Shirika lililoniajiri liko nje ya nchi. Mwenzangu mmoja yuko Nairobi, mwingine Kampala, na mhariri wetu yuko London. Hatujawahi kukaa chumba kimoja.

Mama akafikiri kidogo. "Kwa hiyo unafundisha watoto usiowaona."

"Naandika tu, mama. Wanaofundisha ni wengine."

"Haya," akasema, akamalizia chai yake.

Ile "haya" naijua tangu utotoni. Maana yake hajaridhika, ila haoni sababu ya kubishana na mtu mzima. Ilinichukua miezi kadhaa kujua kwamba alikuwa ameona kitu.

Niseme kwanza kwamba kazi hii naipenda. Watu wakisikia neno "mtaala" wanafikiria majalada na wakubwa wenye miwani. Kazi yenyewe ni kama kuchambua mchele. Chukua mfano wa kusoma, Darasa la Kwanza. Mtoto anaanza na irabu, kisha silabi nyepesi: ba, da, ka, ma. Hadithi ya wiki ya nne inaruhusiwa kutumia herufi alizokwisha kujifunza tu. Kwa hiyo huwezi kuandika mbuzi, kwa sababu mb bado. Huwezi kuandika ng'ombe, ng' iko mbali kabisa. Chakula, shamba, nyumba, mvua, vyote bado. Unabaki na baba, mama, dada, kaka, kuku, paka na bata, na hao wakikuchosha, anaingia dubu. Mimi niliyefundisha kwenye kijiji chenye mbuzi kila kona, nimeandika hadithi nne za dubu, mnyama ambaye hapa Tanzania hayupo. Anaandikika kirahisi, basi.

Ukipenda fasihi utauelewa utamu wake. Ni kama kutunga kwa vina na mizani, isipokuwa msomaji wako ana miaka sita na nusu ya darasa inapiga kelele.

Na somo lenyewe likikamilika linafanana na tamthilia. "Mwalimu aseme: ..." "Wanafunzi waseme: ..." Nawaandikia wote maneno yao, hata watoto. Tofauti ni kwamba mwandishi wa tamthilia akikosea, waigizaji hukaa wakafanya mazoezi wiki nzima, mmoja akasema hapa panakwama, wakaparekebisha. Mwalimu anaufungua mwongozo wangu saa mbili asubuhi mbele ya watoto themanini.

Mtaala ulioboreshwa ulipoanza kutumika Januari 2024, kazi ziliongezeka. Mojawapo ilikuwa Hisabati ya Darasa la Tatu, mada ya ujazo: lita na nusu lita. Nililiandika somo hilo kwa furaha, kwa sababu nilijua pa kulianzia. Ukipita barabara kuu ya kutoka Manyoni kwenda Singida utaona meza za mbao kando ya lami, zimepangwa chupa za maji ya kunywa zilizojazwa mafuta ya alizeti, yanang'aa juani kama asali. Shule niliyofundisha iko upande wa pili wa barabara hiyo. Nikaandika: mama anauza mafuta ya alizeti, ana chupa nne za nusu lita, mteja anataka lita moja, ampe chupa ngapi?

Somo likaenda kwa wenzangu. Yule wa Nairobi akaandika pembeni kwamba alizeti haitajulikana kwa mtoto wa Kisumu, na masomo yetu yanatumika nchi zote mbili. Alikuwa na haki. Tulishazoea mijadala hiyo: mimi nikisema mgahawa yeye anasema mkahawa, mwishowe tunaandika "duka" na wote tunaridhika. Mhariri wa London naye akasema mfano ni mzuri, ila watoto wanakaa tu. Tuweke vitendo, washike vyombo, wamimine maji, waone wenyewe. Na yeye alikuwa na haki. Mtu yeyote aliyefundisha ujazo kwa kuchora ubaoni anajua kuwa hausomeki ubaoni.

Basi nikabadilisha. Nikamtoa mama wa alizeti, nikaandika: "Siku moja kabla ya somo, mwalimu awaagize wanafunzi waje na chupa mbili tupu, moja ya lita moja na moja ya nusu lita." Na kwa kuwa tuliagizwa kila somo la vitendo liwe na swali la maandalizi, nikaongeza: "Je, kila mwanafunzi ana chupa mbili? Ndiyo / Hapana." Nikajibu maoni ya wenzangu: "Sawa, nimebadilisha." Ilikuwa Ijumaa jioni, LUKU imebaki uniti tatu, na tunalipwa kwa somo. Nikafunga kompyuta.

Shule yangu ya zamani ilikuwa miongoni mwa shule za majaribio. Nilijivunia hilo. Walimu walikuwa na vishikwambi, vile walivyogawiwa baada ya sensa ya 2022, na mwongozo wetu ukawekwa humo. Mwalimu wa Darasa la Tatu ni dada mmoja aliyenipokea nilipoajiriwa, akanionyesha nyumba ya kupanga na duka la kukopa. Mwezi wa nane alinipigia usiku.

"Shikamoo dada."

"Marahaba mdogo wangu. Somo lako la chupa limeniletea kesi."

Nilidhani anatania. Akaendelea kwa sauti ileile ya kawaida, kama mtu anayesoma taarifa.

Aliwaagiza watoto chupa kama kishikwambi kilivyosema. Darasani kuna kijana ambaye mama yake anauza mafuta pale barabarani. Katika nyumba ile chupa tupu ni mtaji. Mama anazinunua kwa wanaookota, anaziosha, anazianika, na ikifika usiku zote zimeshajaa. Mtoto hakusema kitu nyumbani. Aliamka gizani, akamimina mafuta ya chupa mbili kwenye ndoo, akaziosha chupa kwa sabuni, akaziweka kwenye mkoba. Ndoo ilikuwa na maji chini.

"Alikuja na chupa safi kuliko za wenzake wote," dada akasema. "Na mwongozo unasema niwapongeze walioleta. Nikawaambia wampigie makofi."

Jioni mama aliiona ndoo. Mtoto akachapwa. Siku nne hakuonekana shuleni.

Nikasema neno ambalo mpaka leo naona aibu kulikumbuka. "Lakini dada, si ungewaambia walete vikombe, au chombo chochote?"

Alinyamaza mpaka nikadhani bando limekatika.

"Kinaniuliza, kila mwanafunzi ana chupa mbili? Nikibonyeza Hapana, somo halifunguki."

Usiku ule sikulala mapema. Nilifungua faili, nikarudi nyuma kwenye matoleo ya awali, kwa sababu kompyuta huweka kila kitu, hata unachotaka kukisahau. Nilimkuta mama wa alizeti pale nilipomwacha, na chupa zake nne. Kati ya kupokea maoni na kuandika "Sawa, nimebadilisha" zilipita dakika kumi na moja.

Nilitafuta mtu wa kumlaumu, nikakosa. Ingekuwa rahisi kusema Mzungu wa London hajui maisha yetu. Ni kweli hayajui, na hakuwahi kudai kuyajua. Yule wa Nairobi alimtetea mtoto wa Kisumu, ndiyo kazi yake. Katika faili lile aliyejua kwamba Singida kuna nyumba zisizo na chupa tupu alikuwa mmoja tu, naye ni mimi. Nilikuwa nanunua mafuta kwenye meza ile kila mwisho wa mwezi. Waliniajiri kwa sababu hiyo hasa, na siku ujuzi huo ulipohitajika sikuutumia.

Watu hudhani tatizo la kufanya kazi mbali ni umbali. Singida na Kihonda zimeachana karibu kilomita 500, na simu inafika kwa sekunde. Kilichonipata ni kingine. Nilipokuwa darasani, kila mtoto alikuja na nyumba yake. Huyu hana kalamu kwa sababu baba kasafiri. Yule anasinzia kwa sababu ya kuchota maji. Ukisema "kesho mje na" jambo fulani, unaziona nyuso kumi zinabadilika, nawe unajirekebisha hapohapo: "asiye nacho aje hivyohivyo." Mezani kwangu hakuna uso unaobadilika. Kuna "mwanafunzi", na mwanafunzi huyo hana mama, hana ndoo, hana kitu kinachouzwa barabarani. Nilimtengeneza kidogo kidogo, nikifuta mgahawa, nikifuta mkahawa, nikifuta alizeti, mpaka akawa mtoto wa kila mahali. Mtoto wa namna hiyo siku zote ana chupa mbili tupu.

Kwenye kikao cha Jumatatu nilieleza yote. Mhariri alizima kamera kwa muda, akairudisha, akaniuliza sentensi iweje. Tukaandika: "Mwalimu atafute vyombo viwili kutoka mazingira ya shule. Wanafunzi wasiagizwe kitu kutoka nyumbani." Swali la Ndiyo na Hapana likabaki, lakini sasa Hapana inafungua njia nyingine ya kufundisha somo lilelile. Mabadiliko yalichukua siku mbili. Nilipomtumia dada ujumbe kumwambia, alijibu: "Vizuri. Yamebaki masomo mangapi yenye 'waje na'?" Nikahesabu. Yalikuwa tisa, na matano niliyaandika mimi.

Oktoba nilipanda treni ya SGR hadi Dodoma, kisha basi mpaka kijijini. Sikuwa nimetumwa. Dada alinikaribisha nikae nyuma ya darasa. Kijana alikuwa amerudi shule zamani. Alinionyesha kwa macho tu, sikumwita. Siku hiyo walikuwa wanagawanya kwa 3 na alinyoosha mkono mara mbili.

Mchana nikavuka barabara. Mama alinitambua kabla sijafika mezani.

"Mwalimu! Ulipotelea wapi?"

Tukasalimiana. Nikaomba lita moja na nusu lita. Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno, na yote yakanitoka. Nikasema tu, "Mama, lile somo la chupa, lililomletea mtoto matatizo. Niliandika mimi."

Hakuelewa. Nikaeleza tena: kwamba siku hizi naandika masomo, nikiwa Morogoro, na walimu wanayasoma kwenye vishikwambi. Akaacha kufunga kizibo.

"Wewe? Lakini wewe si unatujua?"

Sikuwa na jibu. Nilitoa hela ya ziada kwa ajili ya mafuta yaliyomwagika, akaikataa. Akasema mtoto ni wake na mafuta ni yake, yameshapita. Hakunigombeza. Alifuta chupa kwa kitambaa, akanifungia kwenye mfuko, akanihesabia chenji yangu mpaka shilingi ya mwisho. Nilipogeuka kuondoka akaniita.

"Mwalimu, ukimaliza mafuta, ukipata mtu anayekuja huku, nirudishie chupa."

Siku hizi kabla ya kutuma somo lolote nampigia dada, namsomea kwa sauti kuanzia mwanzo. Anasikiliza huku anachambua maharage, nasikia yakidondoka kwenye sinia. Mara nyingi anasema "sawa, endelea". Mara nyingine yanaacha kudondoka, nami najua pale kuna kitu. Nimeliomba shirika limlipe kwa muda wake. Walikubali baada ya barua tatu.

Mafuta yaliisha mwishoni mwa Novemba. Niliziosha chupa kwa sabuni, nikazianika dirishani, nikampa kondakta wa basi la Singida. Nauli ya mzigo ilizidi bei ya chupa mpya, na kondakta akaniuliza mara mbili kama nina uhakika kwamba ndani hamna kitu.