Nilikosa pa kulala

Haya wadau, najua nimeadimika humu. Kuna walioniandikia kuuliza kama nimeacha kublogu, wengine wakasema nimepata mchumba. Hakuna cha mchumba. Nilikuwa sina pa kulala, na niliona haya kuliandika hapa, manake mama mdogo naye huwa anasoma.

Ilikuwa hivi. Mwenye chumba nilichokuwa nakaa alirudi ghafla, nikapewa siku tatu nihame. Kodi za San Francisco mnazisikia. Masanduku nikayaacha kwa Mkenya mmoja tunayesoma naye, usiku nikawa nazungukia makochi ya watu, au nakesha chumba cha kompyuta cha chuo nikijifanya nina asaimenti. Mchana kama sina kipindi naenda maktaba kuu ya jiji, pale Civic Center. Ghorofa sita, kuna joto, kuna maji, kuna pa kuchaji simu, na mlangoni hakuna anayekuuliza kitambulisho wala umefuata nini.

Sasa pale wapo watu wengi wasio na makazi, na mimi nilikuwa najitenga nao kabisa! Nachagua meza ya mbali, natandaza vitabu vya takwimu ili kila anayepita aone kwamba huyu ni mwanafunzi.

Siku moja mzee mmoja mwenye kitambulisho shingoni akasimama mezani kwangu. Nikajua nafukuzwa, nikaanza kukusanya vitabu. Akasema kaa tu, akauliza naendeleaje. Nikamjibu safi. Akaenda. Kesho yake tena. Siku ya tatu akavuta kiti, akaniambia hata yeye alishawahi kulala nje, na kwamba mtu anayekaa maktaba mpaka inafungwa huku mswaki unachungulia kwenye mfuko wa begi, huyo anamjua. Jamani, ule mswaki! Nililia pale pale juu ya kitabu cha takwimu.

Kumbe ndiyo kazi yake. Mwaka 2009 maktaba hii ilipata ofisa ustawi wa jamii wake wa kudumu, Leah Esguerra, wa kwanza katika maktaba za Marekani. Baadaye wakaajiriwa watu waliowahi kukosa makazi, wanapita ghorofa kwa ghorofa wakiongea na watu. Wanajua pa kupata kitanda, pa kuoga, pa kula. Denver nao wakaajiri ofisa wao 2015, na miji mingine mingi ikafuata.

Kwetu ukiwa na shida unaanza kwa mjumbe, unatafuta barua ya serikali ya mtaa, ndipo umfuate ofisa ustawi halmashauri. Yaani unaitangaza njaa yako ofisi tatu. Mimi nisingeenda hata moja. Na huku pia nisingeingia mlango ulioandikwa "wasio na makazi". Maktaba nilikuwa nimeenda kusoma, yeyote akiniuliza ningemjibu hivyo bila kuona haya.

Kuna dada mmoja anasomea ukutubi, anasema maktaba zinageuzwa zahanati, hizo hela zingenunua vitabu. Simlaumu. Lakini hao watu walikuwa wanaingia maktaba hata kabla ya 2009, na wa kuwashughulikia walikuwa mkutubi na askari. Askari naye atafanya nini zaidi ya kuwatoa nje?

Msidhani nilipewa nyumba. Vitanda vya jiji vina foleni. Mzee aliniuliza swali moja tu: chuoni umesema? Sikuwa nimesema! Ofisi ya wanafunzi wasio na makazi ipo, tena kwenye jengo ninalopita kila siku nikienda kula. Wakanipa chumba cha dharura wiki tatu, sasa nimepanga na Waganda wawili huko Oakland. Mbali kidogo, lakini kitanda ni changu.

Jana nikapita maktaba kumsalimia mzee. Nikamkuta ghorofa ya tatu amesimama kwenye meza ya kijana mmoja, kijana anakusanya vitu vyake haraka haraka. Nikageuza, nisije nikawakatisha.

Mama mdogo, ukisoma hapa usimwambie mama kwanza. Nitapiga mwenyewe Jumapili.