Vyakula Visivyotoka Kwao

Katika kambi za Uganda, ziwe za jeshi au za polisi, chakula cha mchana hujulikana kabla sufuria haijafunuliwa: posho na maharagwe. Neno lenyewe, posho, ni la Kiswahili, na maana yake ya asili ni mgawo apewao askari, mpagazi au kibarua. Siku za utawala wa Waingereza unga wa mahindi ndio uliokuwa mgawo huo, na kwa kuwa mgawo haukubadilika, jina lake likawa jina la chakula. Ndiyo sababu kile ambacho jirani zetu wa Kenya na Tanzania hukiita ugali, sisi twakiita posho hadi leo.

Posho ina sifa zake. Hushibisha, hupikika kwa wingi, na huwakalisha pamoja watu wa makabila yote bila ubishi. Lakini hakuna mkoa wa nchi hii ambao posho ndiyo chakula chake cha jadi. Kila upande una sahani yake, na baadhi ya sahani hizo hazipatikani kwa urahisi nje ya mahali zilipozaliwa. Tumwalike msomaji katika safari ya pande tatu, mashariki, kaskazini na magharibi, aone ni vyakula gani hivyo na kwa nini havitoki kwao.

Malewa ya Mlima Elgon

Mji wa Mbale uko mashariki, zaidi ya kilomita 200 kutoka Kampala, na nyuma yake umesimama Mlima Elgon, ambao kilele chake cha Wagagai kina urefu wa mita 4,321. Miteremko ya chini ni ya migomba na kahawa. Juu zaidi, kuanzia kama mita 2,500, huanza msitu wa mianzi. Huko ndiko yatokako malewa, chakula cha Wagisu.

Malewa ni machipukizi ya mianzi, yaani vichwa vichanga vinavyochomoza ardhini wakati wa mvua. Wachumaji hupanda mlima kwa miguu, huyakata yangali laini, kisha huyakausha kwa moshi hadi yawe ya kahawia na magumu kama kuni nyembamba. Yakiisha kukauka hufungwa mafungu na kuteremshwa sokoni. Moshi huo una kazi mbili: huzuia kuoza, na huyapa malewa harufu ambayo Mgisu huitambua hata akiwa amefumba macho.

Mpishi huyaroweka malewa mpaka yalainike, huyachemsha, huondoa nyuzi ngumu, halafu huyakata vipande vidogo. Hatua ya kuchemsha haifai kurukwa, kwa sababu machipukizi mabichi ya mianzi yana sumu ambayo huondolewa kwa moto na maji. Baada ya hapo hutiwa chumvi, na wazee hupendelea chumvi ya majivu yaliyochujwa, kisha karanga zilizosagwa, na chungu huachwa juu ya moto mdogo mpaka mchuzi uwe mzito. Huliwa kwa matoke. Hasa katika miaka inayogawanyika kwa mbili, ambayo ndiyo miaka ya sherehe za tohara ya imbalu, nyumba inayopokea wageni bila malewa huona imepungukiwa.

Kwa nini basi malewa si chakula cha nchi nzima? Jibu ni msitu. Mianzi hii hupenda baridi ya mlimani, wala haioti bustanini Kampala. Tena, kila chipukizi lililokatwa ni mwanzi mmoja ambao hautakua. Tangu mwaka 1993 msitu huo umo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon, na wenye kuchuma hawaingii wapendavyo. Baadhi ya vijiji vimewekeana mikataba na mamlaka ya wanyamapori ili viruhusiwe kuchuma kwa kiasi. Mvutano huu si mdogo. Mlima unahitaji miti yake: mwezi wa Machi mwaka 2010 maporomoko ya udongo yalizika watu wengi huko Bududa, na mwezi wa Oktoba mwaka 2018 msiba ukarudi. Lakini mwananchi naye asema kwamba babu zake walikula malewa kabla ya mipaka kuchorwa. Njia ya haki ni ile inayoulinda mwanzi na kuliacha chungu jikoni.

Malakwang ya Acholi na Lango

Msafiri akivuka mto Nile katika daraja la Karuma na kuingia kaskazini, migomba hutoweka, na mahali pake huonekana mashamba ya ufuta, mtama, karanga na viazi vitamu. Sahani ya heshima hapa ni malakwang, mboga ya majani yenye uchachu, jamaa ya ule mmea wa rosela ambao maua yake hufanywa kinywaji chekundu.

Majani huchemshwa, na maji ya kwanza humwagwa ili uchachu upungue. Kisha hutiwa odii. Odii ndiyo roho ya jikoni la kaskazini: ni karanga na ufuta vilivyokaangwa na kusagwa pamoja kwa jiwe mpaka vitoe mafuta na kuwa laini. Uchachu wa majani ukikutana na mafuta ya odii, hupatikana ladha isiyofanana na mboga nyingine yoyote. Malakwang huliwa kwa viazi vitamu, maana utamu wa kiazi huutuliza ule uchachu.

Majani haya hunyauka upesi, hivyo hayapendi safari ndefu. Lakini historia nayo imechangia. Wakati wa vita vya kaskazini, vilivyoanza katika miaka ya 1980 na kutulia baada ya mkataba wa kusimamisha mapigano wa mwaka 2006, zaidi ya watu milioni moja walihamia katika kambi za wakimbizi wa ndani. Shamba la malakwang haliwezi kulimwa na mtu asiyeruhusiwa kwenda mbali na kambi. Chakula cha humo kilikuwa cha msaada: mahindi, maharagwe na mafuta. Watoto waliozaliwa kambini waliweza kufika umri wa kwenda shule bila kumwona mama akisaga odii kwa jiwe.

Baada ya amani watu walirudi vijijini, wakafungua upya mashamba yaliyokuwa yamegeuka vichaka. Pamoja na kuezeka nyumba, walipanda ufuta. Leo malakwang imerudi mezani Gulu na Lira. Kurudi kwake kunafundisha jambo moja: chakula cha jadi kinaweza kulala kwa miaka ishirini kikaamka, mradi pawepo mtu aliyehifadhi mbegu na mtu anayekumbuka namna ya kupika.

Eshabwe ya Ankole

Sasa tugeukie magharibi. Barabara ya Masaka hukata mstari wa Ikweta pale Kayabwe, kisha huingia katika vilima vya malisho ya Ankole, nchi ya ng'ombe wenye pembe ndefu. Chakula cha fahari huko ni eshabwe, nacho kina ajabu yake: hutengenezwa bila kuwekwa motoni.

Msingi wake ni samli ya maziwa yaliyosukwa ndani ya kibuyu. Samli hiyo hutiwa katika chombo kipana, ikaongezwa maji yenye chumvi ya mawe, jamaa ya magadi, kisha ikakorogwa kwa mkono mvumilivu. Mafuta na maji havipatani, lakini chumvi hiyo huvipatanisha. Polepole samli hubadilika rangi na kuwa nyeupe kama maziwa mazito. Hapo huongezwa maji yaliyochemshwa na kupoa, hutiwa chumvi ya kawaida, huchujwa, na mchuzi huwa tayari. Huliwa kwa kalo, ambayo ni ugali wa ulezi, na katika arusi za Ankole haifai kukosekana.

Eshabwe haisafiri kwa sababu haina subira. Hutengenezwa ili iliwe siku hiyo hiyo, na mkono usio na mazoea huiharibu ikabaki mafuta na maji. Isitoshe, ng'ombe mwenyewe anabadilika. Wafugaji wengi wamechanganya mifugo yao na ng'ombe wa Friesian, ambao hutoa maziwa mengi zaidi. Faida ya fedha ni ya kweli, wala hakuna wa kumlaumu mfugaji anayesomesha watoto. Lakini maziwa ya ng'ombe wa pembe ndefu yana mafuta mengi kuliko ya Friesian, na samli ya eshabwe hutoka katika mafuta hayo.

Kazi iliyo mikononi mwetu

Msomaji wa kambini atauliza: haya yananihusu nini mimi niliye kwenye zamu? Yanamhusu sana. Askari huhamishwa. Leo yuko Mbarara, mwakani yuko Moroto, na tangu mwaka 2007 wengi wamepita Somalia. Watoto wake huzaliwa na kulelewa katika kambi, lugha yao ya mchezo ni Kiswahili na chakula chao ni posho. Siku wanapopelekwa likizo kwa bibi, huwekewa sahani aliyoipika kwa siku mbili, nao huinusa na kuomba chai na mkate. Bibi hasemi neno, lakini amesikia. Wahenga walisema kwamba mwacha asili ni mtumwa, na asili huanza kuachwa katika sahani.

Dawa yake haihitaji fedha nyingi. Baba au mama atokaye Mbale na achukue fungu la malewa makavu, maana yamekwisha kutayarishwa kwa safari na hukaa muda mrefu yakiwekwa pakavu. Atokaye Gulu na afunge odii katika chupa, kwa kuwa hiyo hupendeza hata juu ya sukumawiki na kunde zinazopatikana kila soko. Wa Ankole naye, kwa kuwa eshabwe haibebeki, na abebe ujuzi: amkalishe bintiye, na mwanawe wa kiume pia, mbele ya chombo na awaonyeshe mkono unavyokwenda.

Tena kuna jambo ambalo kambi hulifanya vizuri kuliko mji. Katika safu moja ya nyumba huishi Mgisu, Mwacholi na Mnyankole, mlango kwa mlango. Siku ya Jumapili, kila jikoni likipeleka bakuli moja kwa jirani, watoto wa safu hiyo watakuwa wamezunguka Uganda yote kabla ya jua kuchwa. Jumatatu posho itarudi, na itapokewa kwa shukrani. Ila watoto watajua kwamba huo ni mgawo, na kwamba chakula cha kwao kina jina jingine.