Kifaru Aliyepotea na Bei ya Vigari vya Chuma

Siku hizi kijana akikuta kigari cha chuma cha kale kwenye sanduku la babu yake, hata hakigeuzi kukitazama tumbo. Hukipiga picha, akatafuta kwenye simu, akaona mtu wa ng'ambo anaomba mamia ya dola kwa kigari kinachofanana nacho, naye akaanza kugawa mirathi. Kwamba muuzaji huyo anaomba tu, na hajapata wa kumlipa, halimsumbui. Zamani, kutafuta thamani ya vigari hivi ilikuwa kazi ya kusoma kitu chenyewe, tangu ringi hadi boksi. Leo imegeuka kazi ya kusoma tamaa za wauzaji. Habari zimezidi na ujuzi umepungua, na sioni kama hayo mawili yanapingana.

Chukua Volkswagen Namba 256 ya Corgi, ambayo msomaji wa Afrika Mashariki ana haki ya kuidai kidogo kuwa yake. Ilitengenezwa na kampuni ya Mettoy, wenye jina la Corgi, huko Swansea, ikiigiza gari la mashindano ya East African Safari. Orodha zinaiweka sokoni kuanzia 1965 hadi 1968, wakati Volkswagen halisi ilishakwisha kushinda mashindano hayo mwaka 1962 na Peugeot ilikuwa njiani kuyatawala. Lakini tarehe tuziache. Juu ya paa palikuwa na tairi la akiba, na mtoto alipolizungusha, magurudumu ya mbele yalikata kona. Tena ndani ya boksi alikuwamo kifaru mdogo. Sasa mfikirie mtoto wa Birmingham wa miaka hiyo. Gari analipenda, kifaru anampenda zaidi, kwa hiyo kifaru ndiye anayepelekwa bustanini na ndiye anayepotea wa kwanza. Boksi linatupwa siku hiyohiyo. Ndiyo maana mtathmini wa zamani alianza na maswali ya namna hii: kifaru yupo? Boksi ni lenyewe au limechapishwa upya? Tairi la paani bado linageuza magurudumu? Rangi ni ya kiwandani, au kuna aliyeipaka jikoni kwake? Kila jibu baya liliteremsha bei, wala si kwa senti chache. Kigari kilichokwaruzika, bila boksi, hupata sehemu ndogo tu ya fedha anazopata ndugu yake aliyebaki mzima. Vya thamani ni vile ambavyo havikuchezewa, yaani vile vilivyoshindwa kazi iliyoviumba, na bei yake imejengwa juu ya vifaru wengi waliofukiwa kwenye bustani za watu.

Lesney wa London, waliotengeneza Matchbox, walihitaji msomaji makini zaidi. Umaarufu wao ulitokana na gari dogo la farasi la kutawazwa kwa Malkia Elizabeth mwaka 1953, lililouzwa zaidi ya milioni moja. (Kutawazwa huko ndiko kulikozaa Safari pia, hapo mwanzo ikiitwa Coronation Safari.) Vigari vyao vilivyofuata vilibadilishwa kimyakimya kiwandani: magurudumu ya chuma yakawa ya plastiki ya kijivu, kisha nyeusi, huku mwili ukibaki uleule. Gari la kukokota la BP, Namba 13, kwa kawaida lina kichwa cha njano na mwili wa kijani. Yale machache ambayo rangi zake zilipishana huuzwa kwa bei isiyo na uhusiano wowote na wenzake. Bila shaka wapo wanaoyapishanisha wenyewe kwa brashi, na ndiyo sababu mjuzi hutazama kwanza ribiti za chini kama zimetobolewa. Picha iliyopigwa kwa juu haiwezi kukuambia hilo.

Ipo hoja ya kupinga, nayo ni nzito. Zamani ujuzi huu ulifungiwa katika vitabu vya bei na vichwa vya wafanyabiashara wachache, nao hawakuwa malaika. Mjane alileta sanduku la vigari vya Dinky, akapewa fedha ya nauli, na mwezi uliofuata sanduku lilikuwa mnadani. Intaneti imewanyang'anya fursa hiyo, na nani aililie? Nakubali. Lakini simu ileile inayoonyesha bei zinazoombwa huonyesha pia bei zilizolipwa, kwenye matokeo ya minada na mauzo yaliyokamilika. Kijana hazitafuti kwa sababu ni ndogo. Anachokumbuka ni habari za kigari cha Hot Wheels kiitwacho Beach Bomb, kilichothaminiwa zaidi ya dola 100,000, bila kusoma kwamba hiyo ni sampuli ya 1969 yenye mbao za kuteleza zilizochomekwa dirisha la nyuma, ambayo haikuingia dukani kamwe kwa sababu ilikuwa nyembamba na nzito juu mno. Cha kwake kimetengenezwa kwa mamilioni.

Kwa viwanda vyenyewe, mwisho ulikuja haraka. Hot Wheels ilitoka 1968, na Lesney wakalazimika kujibu kwa magurudumu ya kasi. Kiwanda cha Dinky kule Liverpool kikafungwa 1979, Lesney wakafilisika 1982, Mettoy 1983. Matchbox ikahamia Asia, na mwaka 1997 ikaangukia mikononi mwa Mattel, wenye Hot Wheels, mshindani aliyeiumiza. Kisha vikaja vigari vilivyoandikwa kwenye kasha kwamba ni vya wakusanyaji. Hapo ndipo ninapokasirika kidogo, maana kitu kinachotunzwa na kila mnunuzi tangu siku ya kwanza kitaadimika vipi?

Wengine watasema thamani ni fedha anayotoa mnunuzi, basi, na ribiti ni mapambo. Sawa, lakini mnunuzi anazeeka. Waliocheza na Dinky za miaka ya 1930 karibu wote wamekwenda, warithi wanayaleta makusanyo mnadani, na baadhi ya vigari hivyo vinapasuka vyenyewe ndani ya kabati la kioo kwa sababu risasi kidogo ilichanganyika na zinki siku ya kuyeyushwa. Wenye fedha sasa ni waliokuwa watoto wakati wa Hot Wheels za kwanza, nao wameanza kustaafu.