Wajima: Mtaa Mzima Ndani ya Kalamu Moja

Katika ncha ya kaskazini ya rasi ya Noto, mkoani Ishikawa, upo mji mdogo wa wavuvi uitwao Wajima. Ni mji wa mvua, theluji na upepo wa Bahari ya Japani. Soko lake la asubuhi, ambamo kina mama waliuza samaki wakavu na mboga, husemwa kuwa na umri wa zaidi ya miaka 1,000. Lakini jina la mji huu halikusafiri duniani kwa ajili ya samaki. Lilisafiri kwa mabakuli na masinia yake, na katika zama zetu kwa kalamu za wino zilizonakshiwa, ambazo zile za juu kabisa zitengenezwazo Japani huuzwa kwa maelfu ya dola za Kimarekani.

Msomaji atauliza, na ana haki ya kuuliza, ni kalamu gani hiyo. Nibu yake huandika kama nibu nyingine yoyote njema, na wino wake ni huu huu. Thamani imo katika ngozi yake.

Ngozi hiyo ni utomvu wa mti, na mti na utomvu wake vyote huitwa urushi. Sisi watu wa pwani tunayo njia ya karibu ya kuufahamu, kwani ni wa ukoo mmoja na mkorosho na mwembe. Aliyepata kubangua korosho kwa mkono anajua jinsi mafuta ya ganda lake yanavyobabua vidole. Utomvu wa urushi ukiwa mbichi hufanya vivyo hivyo, hata wanafunzi wengi wa kazi hii hupata vipele na uvimbe kabla miili yao haijauzoea. Udugu huo umefika hata dukani: Wajapani hutengeneza rangi ya bei nafuu kutokana na mafuta ya ganda la korosho, nayo hutumika badala ya urushi pale mnunuzi asipomudu urushi wenyewe.

Mti wa urushi husubiriwa miaka 10 hadi 15. Kisha mgemaji huuchanja kidogo kidogo majira yote ya kiangazi, akirudi kila baada ya siku chache kukwangua matone. Msimu ukiisha, amepata takriban gramu 200 tu, kiasi cha kikombe kimoja cha chai. Kwa desturi ya Wajapani mti huo hukatwa, na machipukizi ya kisiki huanza safari upya. Si ajabu basi kwamba sehemu kubwa ya urushi utumikao Japani leo huagizwa kutoka China.

Jambo lililonishangaza kuliko yote ni namna urushi unavyokauka. Rangi zetu za kuta huanikwa juani. Huu hutaka unyevu. Kitu kilichopakwa hufungiwa katika kabati la mbao lenye hewa ya unyevunyevu, wa asilimia 70 hadi 80, na huko ndiko huganda na kuwa mgumu. Hewa ya Wajima, ambayo mgeni angeilalamikia, kwa fundi ni neema.

Kalamu iliingia katika habari hii kwa sababu ya kasoro. Mwaka 1918 Ryosuke Namiki, aliyekuwa mwalimu wa chuo cha mabaharia, alianzisha pamoja na Masao Wada kampuni ya kalamu mjini Tokyo, ambayo leo huitwa Pilot. Kalamu za siku hizo zilikerezwa kwa ebonaiti, yaani mpira mgumu mweusi, nayo ebonaiti ikipigwa na jua na hewa hupauka. Katika miaka ya 1920 wakajaribu kuifunika kwa urushi, weusi ukadumu. Na palipo na uso mweusi unaong'aa, fundi wa Kijapani huona mahali pa kuchora. Miongoni mwa waliochora alikuwamo Gonroku Matsuda, mzaliwa wa mkoa huo huo wa Ishikawa, ambaye mwaka 1955 taifa lilimtambua kuwa hazina hai. Mwaka 1930 kampuni hiyo ikafunga mkataba na Dunhill wa London, na kalamu za nakshi zikauzwa Ulaya.

Nakshi yenyewe huitwa maki-e, maana yake picha ya kunyunyiza. Fundi huchora kwa urushi, kwa brashi ya manyoya machache sana, jani au wimbi au bawa la ndege. Kabla mchoro haujakauka, huchukua kijibomba chembamba kilichofungwa kitambaa mdomoni, akakigonga kwa kidole, na unga wa dhahabu ukadondoka na kunata pale tu penye unyevu. (Hukumu ya mwanamume kutumia kitu chenye dhahabu nawaachia masheikh, hapa nasimulia kazi.) Kisha hupaka urushi juu yake, husubiri, husugua kwa makaa mpaka picha ichomoze tena, hupaka, husubiri. Mng'ao wa mwisho hutokana na ncha za vidole vyake mwenyewe. Kalamu moja yaweza kula miezi mingi.

Huko Wajima hakuna fundi mmoja afanyaye yote. Yupo akerezaye mbao za mabakuli, yupo apakaye tabaka za chini kwa urushi uliochanganywa na unga wa udongo uliochomwa, yupo asuguaye, yupo apakaye tabaka la juu katika chumba kisichoruhusiwa chembe ya vumbi, na wapo wa dhahabu. Hatua za bakuli moja hupita 100. Kampuni ya Nakaya ya Tokyo hukereza kalamu zake na kuzipeleka kwa mafundi hawa wazivike urushi. Kila mmoja amejifunza hatua yake kwa miaka, na kazi hupita kutoka nyumba hadi nyumba. Kwa maoni yangu, mnunuzi wa kalamu hiyo ananunua ujirani.

Ujirani huo ndio uliopigwa tarehe 1 Januari 2024, saa kumi jioni, familia zikiwa nyumbani kwa mwaka mpya. Tetemeko la kipimo cha 7.6 liliitikisa rasi yote. Pwani iliinuka, mahali pengine kwa kiasi cha mita nne, na bandari ndogo zikabaki nchi kavu. Jengo la ghorofa saba la wauza vyombo vya urushi lilianguka ubavu. Moto ukashika mtaa wa soko la asubuhi na kuteketeza majengo zaidi ya 200, yakiwamo maduka na karakana za urushi. Mwezi Septemba mwaka huo huo, watu wakiwa bado katika nyumba za muda, mafuriko yakaja.

Brashi na makaa hupatikana tena. Lakini mpakaji wa tabaka la juu akihamia kwa mwanawe mji mwingine, mchoraji wa dhahabu, hata kama mikono yake ni mizima, atachora juu ya nini? Na wengi wa mafundi hao ni wazee. Kwa hiyo miongoni mwa vilivyojengwa mapema Wajima, pamoja na makazi ya muda, ni karakana za muda: vyumba vidogo vya kujengwa haraka, ambamo fundi huingia asubuhi, huwasha taa, na kabla ya jambo lolote hutazama unyevu wa kabati lake.